Dakika Kumi na Nne za Papa Rigobert

Kabla ya kugusa kibodi, Rigobert Chishimba alinakili kwanza kwa penseli kila kilichoandikwa kwenye skrini. Alitumia daftari la shule, lile la miraba midogo, na alinakili yote: maneno ya Kifaransa, namba, nukta, hata nyota ambazo hazikuwa na maana yoyote. Akimaliza, alipiga mstari chini yake kwa ukingo wa kadi ya mpiga kura, ndipo akaanza kazi. Mashine ikimwonyesha jambo alilokwisha kuliona mara hamsini, alilinakili mara ya hamsini na moja. Hata macho yalipoanza kumwisha, aliinama na lenzi ya mkononi, pua karibu iguse kioo, na penseli ikaendelea kutembea polepole.

"Papa Rigo, shi piga photo na téléphone," Simone wa sekretarieti alimwambia siku moja. "Utamaliza crayon yote ya Lubumbashi."

"Photo haisome," akajibu bila kuinua kichwa. "Ni miye njo nasoma. Na kama siandike, sisome."

Nilifanya naye kazi miaka minane katika chuo kimoja cha ufundi wa ofisi, pale Kamalondo inapoishia, ambako mimi ni mwangalizi wa chumba cha kompyuta. Tuna kompyuta ishirini na nne, zote zilitufikia zikiwa tayari zimetumika nchi nyingine. Rigobert hakuwa mwajiriwa hasa. Alikuwa fundi anayeitwa, lakini aliitwa mara nyingi mno hata mlinzi akaacha kumwandika anapoingia. Alizaliwa Kipushi, mtoto wa mchimbaji wa chini ya ardhi. Katika ujana wake alishughulikia simu za waya za kampuni moja ya migodi, na kampuni ilipofunga chumba cha simu alibaki na bisibisi tatu na umri wa miaka arobaini. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa.

Wanafunzi wetu huleta virusi kwenye flashi, na courant, yaani umeme, hukatika mashine zikiwa katikati ya kazi. Mwisho wa kila muhula nusu yazo zinaumwa. Zamani Rigobert alizunguka na CD meza kwa meza, siku tatu nzima, akizisafisha na kuweka mfumo upya. Halafu, mwaka wake wa tatu kwetu, alijenga utaratibu ambao mpaka leo nauona kuwa jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya.

Ndani ya kabati aliweka visanduku viwili. Kimoja kidogo, kama misale ya kanisani. Kingine ni seva kubwa ya zamani, nzito, yenye kelele. Mwalimu akiwasha kompyuta ya mwanafunzi na kubonyeza F12, kompyuta ile huomba msaada kupitia waya wa mtandao. Kisanduku kidogo huipokea na kuipa mstari mmoja mrefu wa maagizo ya kuamkia: tumia kadi hii ya mtandao, sema Kifaransa, kibodi ni ya Kifaransa, usimwulize mtu chochote, na faili la majibu yako yote lipo kwa seva kubwa, anwani ni hii. Kompyuta hulifuata faili, halafu hujisimika yenyewe. Baada ya saa moja na nusu zote ishirini na nne zinakuwa mpya, na hakuna aliyegusa kibodi tena. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikaangalia tu.

Mwaka jana daktari alimwambia Rigobert kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Alimwambia directeur wetu, Faustin Kalenga, kwamba atafanya mpaka mwisho wa mwezi wa sita, halafu atahamia Kipushi kwa binti yake Chilufya.

"Na mashini?" directeur akauliza.

"Mama Tracy iko," akasema, akininyooshea mimi kidole. "Kazi yenyewe ni F12 tu. Hata Simone anaweza."

"Hata Simone," Simone akarudia kutoka mlangoni. "Aksanti, Papa. Unaniheshimu kabisa."

Mara ya kwanza nilipofanya peke yangu ilikuwa mwezi wa tano, yeye akiwa hospitalini. Nilibonyeza F12 kwenye kila meza. Baada ya dakika moja chumba kizima kikawa chekundu. Skrini ishirini na nne zilisema kwamba faili la majibu halikupatikana, kisha zikaanza kuniuliza, moja baada ya nyingine, ninatoka nchi gani na ninasema lugha gani, kama watu wasionijua. Nilifuata agizo alilonipa siku zote: ikikataa, zima, usiguse, niite. Alikuja alasiri, akakaa, akanakili, akawasha. Zote zikaenda vizuri.

Mara ya pili ikawa vilevile. Na ya tatu.

"Zinamuogopa Papa Rigo," Simone akasema. "Weye, Mama Tracy, unazichekeleaka sana."

Tulicheka. Rigobert hakucheka. Alikuwa na hakika kwamba kosa limo ndani ya ule mstari wa kuamkia, kwa sababu ndio unaosema faili liko wapi, na kilichokuwa kinashindikana ni kulifikia faili. Aliubadilisha kipande kwa kipande. Alitaja kadi ya mtandao kwa jina badala ya kuiacha mashine ichague. Aliongeza muda wa kungojea anwani. Aliondoa kibodi, akairudisha. Kila alipobadilisha alijaribu mwenyewe, na kila alipojaribu ilifanya kazi. Kesho yake nilijaribu mimi, nikapata wekundu. Daftari lilijaa, akanunua jingine. Nilimwona siku moja ameweka kiganja juu ya seva, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho, ambayo jury, watahini wa kutoka nje, huja kuisimamia, directeur alituita sote wawili ofisini. Faustin si mtu mbaya. Amebeba chuo kile mgongoni miaka mingi na amechoka.

"Papa Rigo, miye nakuheshimu," alianza. "Lakini niambie kweli. Uliweka kintu mule?"

"Kintu gani, Directeur?"

"Kintu cha kufanya tukuite."

Directeur alichezea kifuniko cha kalamu.

"Unaenda, zinakufa. Unarudia, zinafufuka. Na ni sasa, wakati unatuacha. Weye ungekuwa mu kiti yangu, ungewaza nini?"

"Ningewaza vile unawaza," Rigobert akasema. "Lakini ningekosa."

Directeur alisema kwamba Jumatatu atamleta fundi mwingine aifungue seva na kutafuta kilichofichwa. Barua ya kumaliza kazi, ile ambayo Rigobert alikuwa ameiomba ili aende nayo Kipushi, haitatiwa sahihi mpaka hapo.

Nakiri kwamba kwa siku mbili mimi pia nilijiuliza. Sikumwambia. Nadhani alijua, kwa sababu kule kwenye korido aliniangalia kwa muda mrefu kwa yale macho yake ambayo hayakuwa yakiona vizuri kandokando.

"Miaka makumi ine ya kazi, Mama Tracy," akasema. "Sikuacha hata shimo mu ukuta ya muntu bila kuiziba. Kama naenda na hii, hata macho ikiisha yote, nitakuwa paka naona tu uso ya Directeur."

Halafu, baada ya hatua chache, akasimama.

"Kesho miye nafanya, weye unaandika. Kesho kutwa weye unafanya, na unaandika vilevile. Miye siingie mu salle ya mashini hata kidogo."

"Niandike nini?"

"Byote. Na saa."

"Hata mambo ya bure?"

"Sana sana ya bure."

Kesho yake niliketi pembeni na daftari lake mapajani. Courant ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Ilirudi saa ambayo niliiandika hivi, kwa hesabu ya Kifaransa: 10.42. Taa ziliwaka, kabati likaanza kunguruma. Niliandika kila kitu kama mtu anayefanya kejeli, maana nilikuwa na uchungu na sikujua niuelekeze wapi. Niliandika kwamba amefuta lenzi kwa shati. Niliandika kwamba amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, midomo inacheza. Niliandika kwamba muuza mikate amepita nje na hakumwita. Saa 10.56 niliandika kwamba amesimama na kuwasha meza ya kwanza. Zote zikaenda.

Siku iliyofuata alikaa uani kwenye kidaraja cha matofali, karibu na dirisha la Simone. Courant ilirudi 9.15. Nikaandika. Saa 9.16 nilikuwa nimekwisha kubonyeza F12 kwenye meza ya tano. Saa 9.19 chumba kilikuwa chekundu. Nilizima zote, nikatoka na daftari. Alinitazama usoni, akajua.

"Soma," akasema. "Yangu mbele. Polepole."

Nilimsomea ukurasa wake, kisha wangu. Simone alikuwa ameacha kazi yake na kuegemea dirishani. Rigobert aliniomba nirudie ule wa kwanza, kuanzia courant iliporudi. Nikarudia.

"Ngoya mbele. Pale katikati, miye nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa umekaa."

"Nakaa namna gani?"

"Unakaa tu, Papa. Unangoya."

"Dakika ngapi?"

Nilihesabu. "Kumi na ine."

"Na weye?"

"Moja."

Alilichukua daftari, akaliweka karibu na uso, akatafuta kwa lenzi ile mistari niliyoiandika kwa kejeli.

"Juu ya nini sikukuambia ungoye?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi.

"Mutu anaambiaka mwenzake akae?" Simone akasema. "Kukaa haiko kazi."

Ndipo alipotueleza. Mama yake, Kapya, alikuwa akiuza samaki wa barafu kule kambini Kipushi, wale tunaowaita tomson, kutoka kwenye friza moja kubwa iliyokuwa mali yote ya nyumba. Siku moja courant ilirudi kwa nguvu nyingi mno, mota ikaungua, na samaki wakaoza kabla ya kupata wa kuwanunua. Tangu siku hiyo, umeme ukirudi, hakuna aliyechomeka kitu nyumbani mwao kabla ya mama kumaliza rozari nzima. Watoto walikaa kwenye benchi wakijibu. Rigobert alikuwa na miaka sita. Sasa alikuwa na sitini na mbili, hakwenda tena kanisani ila Pasaka, na bado alikuwa akikaa kwenye benchi lile kila siku ya Mungu bila kulijua.

Wengi wetu hapa mjini tunasubiri kidogo kabla ya kuchomeka friji. Mimi pia, nyumbani. Lakini chuoni directeur alikuwa ameagiza kwamba courant ikirudi tusipoteze hata dakika, kwa sababu haijulikani itakaa kwa muda gani, na mimi nilitii: miezi ile ilikatika karibu kila usiku, na kila jaribio langu lilianza mara tu iliporudi. Rigobert hakuwa na namna ya kutii agizo lile. Hakujua kwamba anasubiri.

Baada ya hapo kosa lilionekana lenyewe. Seva kubwa ilikuwa na onduleur, betri ya kuishikilia umeme unapokatika, lakini betri hiyo ilikufa mwaka uliotangulia. Tangu hapo seva ilikuwa ikizimika ghafla pamoja na kila kitu, na seva iliyozimika ghafla, ikiwashwa, hukagua kwanza diski zake zote kabla ya kumjibu mtu. Ilichukua dakika tisa hivi. Kisanduku kidogo hakina cha kukagua. Huamka mara moja. Kwa hiyo nilipowasha mapema, kisanduku kidogo kilizipokea kompyuta, kikazipa mstari wao, na kuzituma kwenye mlango ambao bado umefungwa. Rigobert alipowasha, mlango ulikuwa wazi. Alipoitwa alasiri, ulikuwa wazi tangu asubuhi. Ule mstari alioubadilisha mara arobaini haukuwa na kosa hata moja, ila ulidhani kwamba aliyeuwasha ni mtoto wa Kapya.

"Tuandike pale ku ukuta, courant ikirudi mungoye," Simone akapendekeza.

"Hapana," Rigobert akasema. "Karatasi inaanguka. Mashini njo ingoye."

Macho yake hayakumruhusu tena kuandika upesi, kwa hiyo mimi niliandika na yeye akaniambia, herufi kwa herufi, akinitaka nimsomee kila nilichoandika. Ilituchukua mchana mmoja. Alihamisha faili la majibu kutoka kwa seva kubwa hadi kisanduku kidogo, akarekebisha ile anwani katika mstari wa kuamkia. Na mwanzoni mwa faili aliweka agizo fupi: piga hodi kwa seva kubwa kila baada ya sekunde kumi, usichoke, usiendelee mpaka ijibu. Maneno ambayo mashine ingeyaonyesha ikiwa inasubiri aliyachagua mwenyewe.

Jumatatu yule fundi mwingine hakuja, kwa kuwa nilimwomba directeur atupe asubuhi ile moja. Rigobert alibaki nyumbani. Directeur alisimama nyuma yangu na saa yake mkononi. Courant iliporudi nilibonyeza F12 kwenye meza zote bila kungoja chochote. Hapakuwa na wekundu. Skrini zilibaki nyeusi, na katika kila moja mstari mmoja wa Kifaransa ulijirudia chini ya mwingine: seva haijaamka, nangojea. Dakika tano. Dakika saba. Directeur alikohoa. Katika dakika ya tisa kompyuta ya meza ya kwanza ilisogea, kisha ya pili, kisha zote.

"Ilikuwa paka ile tu?" akaniuliza.

"Paka ile, Directeur."

"Kungoya."

"Ndiyo."

Alirudi ofisini. Baada ya muda alitoka na bahasha na kuniambia twende. Tulitembea mpaka kwa Rigobert, Kamalondo ndani, kwenye nyumba ya chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Directeur alimpa bahasha kwa mikono miwili. Hakuomba msamaha kwa maneno, na nadhani kama angejaribu wote wawili wangeona haya.

"Inatembea," akasema tu. "Bila weye. Nimeona na macho yangu."

Rigobert aliipokea bahasha, hakuifungua.

"Directeur, haukunionea yote," akasema. "Sikuficha kintu. Lakini kipande moja ya kazi ilibakia ndani yangu, haikuingia mu mashini. Kwa muntu wa inje, ile na kuficha ni mamoja."

"Tuache ile, Papa."

"Tunaiacha. Lakini niliona nikuambie."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Ninafundisha wengine kazi yangu sasa, na kila ninapowaandikia maelezo najiuliza ni kipi ninachokifanya nikiwa nimekaa, nisichojua kwamba ninakifanya, ambacho kitaondoka nami. Mtu hawezi kujiona akiwa amekaa; lazima awepo mwingine pembeni, na tena awe na subira ya kuandika mambo ya bure.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Kipushi, mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeshika. Alifariki mwezi wa pili, kwa ugonjwa mwingine kabisa, na habari ilinifikia siku nne baada ya mazishi. Siku hiyo ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa amekaa barazani kwa Chilufya. Jicho moja lilikuwa limekwisha, jingine liliona mwanga. Tulikula bukari, ugali wetu, na mboga, tukazungumza juu ya Tracy wangu na masomo yake, juu ya barabara, juu ya bei ya makaa. Nilimweleza kwamba tumesimika mashine upya mara mbili tangu alipoondoka, na mara zote mbili hakuna skrini iliyogeuka nyekundu. Aliitikia kwa kichwa polepole. Mvua ilipopungua nilisimama kuaga, na Chilufya akaenda kunitafutia mwavuli.

"Kule," akasema, "bananiulizaka?"

Nilitaka kumdanganya. Simone alikuwa amekwisha kwenda kufanya kazi Kambove. Sekretari mpya hakujua hata jina la Rigobert. Walimu walibonyeza F12, wakaenda kunywa chai, wakarudi wakakuta kazi imekwisha.

"Hapana, Papa," nikasema. "Hakuna mwenye kuuliza."

Aliuelekeza uso kule mvua ilikokuwa ikitoka.

"Basi njo muzuri vile," akasema. "Kama habaniulize, ni kusema inatembea."